Protini za maziwa ya mama sawa, lakini si ndani ya mpunga wa Usangu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika katika safu hii majuzi, akitaka wizara ikaribishe mpunga uliopandikizwa vinasaba vya binadamu ulimwe bonde la Usangu. Hoja yake ilikuwa tamu kuisoma: mpunga huo hutoa protini zilezile zilizomo kwenye maziwa ya mama, protini hizo hupunguza kuhara kwa watoto, na sisi tuna ardhi, tuna maji na tuna wakulima wanaoujua mpunga tangu utotoni. Sasa tunangoja nini?

Mimi nina mashine ya kukoboa mpunga hapa Ubaruku, wilaya ya Mbarali, ndani ya bonde hilohilo la Usangu, na nina majaruba yangu kidogo. Dada yangu ni muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto. Kwa hiyo habari hii imenipata pande zote mbili, ya nafaka na ya watoto, na nimeifuatilia tangu niliposikia kwamba Wamarekani walishalijaribu jambo hilo muda mrefu. Nimwambie mapema ndugu yangu huyo: unga wa protini hizo sina ugomvi nao. Naupinga mpango wa kuzikuza ndani ya nafaka tunayoila, katikati ya bonde ambalo kila jaruba lake ni la mpunga.

Na hayo maji anayoyasifia, aje ayaone mwezi wa kumi. Mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi tangu miaka ya 1990, na kila mwaka tunagombana kwa ajili ya zamu ya mfereji. Hilo tuliache, lina barua yake.

Kwanza nieleze kitu chenyewe, maana hapa kijiweni kuna aliyeniuliza kama wali wake unanuka maziwa. Haunuki. Kwenye maziwa ya mama kuna protini nyingi, lakini mbili ndizo zilizowavutia watu hawa. Moja ni laktoferini. Kazi yake kubwa ni kushika madini ya chuma. Bakteria wengi wabaya wa tumboni huhitaji chuma ili waongezeke, kwa hiyo chuma kikishikwa wanabaki na njaa. Maziwa ya mwanzo, yale ya njano ambayo bibi zetu wengine walikuwa wanayakamua na kuyamwaga, ndiyo yana laktoferini nyingi zaidi. Ya pili ni laisozaimu, ambayo hupasua ukuta wa bakteria. Hii iligunduliwa na Alexander Fleming mwaka 1922, kabla hajaijua penisilini, na ipo kwenye machozi na mate pia. Maziwa ya ng'ombe yana laktoferini kidogo, na laisozaimu karibu hayana. Ndiyo sababu mtoto wa maziwa ya kopo anakosa ulinzi anaoupata mwenzake anayenyonya.

Kampuni iliyojaribu kuzipata protini hizi kwenye mpunga ilianzia Sacramento, California, mwaka 1993, na baadaye ikajulikana kama Ventria Bioscience. Utaalamu wake ulitokana na kazi za Raymond Rodriguez, profesa wa Chuo Kikuu cha California, Davis. Walichukua maelekezo ya kinasaba cha binadamu, wakayaandika upya kwa namna ambayo mmea wa mpunga unaweza kuyasoma kwa urahisi, kisha wakayawekea swichi inayowaka ndani ya punje tu, pale mmea unapoweka akiba ya chakula. Majani hayana kitu, mabua hayana kitu. Punje ndiyo ghala. Mwaka 2002 watafiti wao walichapisha kwamba laktoferini ilifika kama nusu asilimia ya uzito wa mchele uliotolewa maganda. Piga hesabu: kilo moja ya mchele, gramu 5. Lita moja ya maziwa ya mama aliyekwisha zoea kunyonyesha ina gramu moja na kitu. Ni mavuno mazuri, sibishi.

Tena mchele huo haupikwi wali. Unasagwa, unga unalowekwa kwenye maji ya chumvi, protini zinachujwa, zinakaushwa, unapata poda. Poda ndiyo inachanganywa kwenye ORS, ule mchanganyiko wa chumvi na sukari wa kumrudishia maji mtoto anayeharisha, au kwenye chakula cha mtoto. Nasisitiza hili kwa sababu wapinzani wa GMO, yaani mazao yaliyopandikizwa vinasaba, hapa kwetu hupenda kusema watu watalishwa "mchele wa binadamu". Hakuna aliyepanga hivyo. Tusimpige mtu kwa kosa ambalo hajafanya wakati lipo lingine la kumuuliza.

La kumuuliza ni hili: kwa nini kampuni hiyo, kwao kwenyewe, ilihamishwa jimbo baada ya jimbo?

Mwaka 2004 iliomba kulima California. California ina wakulima wakubwa wa mpunga, na wanunuzi wao wakubwa wako Japani. Kamati ya ushauri ya wakulima ilipiga kura, sita wakakubali, watano wakakataa. Kura moja tu! Wanunuzi wa Japani wakaonya, na serikali ya jimbo ikakataa kutoa ruhusa. Mwaka 2005 wakataka kwenda kusini-mashariki mwa Missouri, nako ni nchi ya mpunga. Safari hii aliyesimama njiani alikuwa kiwanda cha bia. Anheuser-Busch, watengenezaji wa Budweiser, huweka mchele kwenye bia yao na ndio walikuwa wanunuzi wakubwa kabisa wa mchele nchini humo. Walitamka kwamba mpunga huo ukipandwa Missouri, hawatanunua mchele wa Missouri. Hawakuwa na hoja ya kisayansi, hawakudai kwamba una sumu. Walichoogopa ni mnywaji wao kusikia neno "vinasaba vya binadamu" na kuiweka chupa chini. Wakaafikiana kwamba kampuni haitapanda ndani ya maili 120 za mashamba ya mpunga wa biashara ya jimbo hilo, karibu kilomita 190.

Ndugu msomaji mwenzangu achukue ramani, aweke ncha ya bikari Ubaruku, azungushe kilomita 190. Kapunga imo. Madibira imo. Kyela imo, na mchele wake ule unaonukia ambao watu wa Dar es Salaam wanautaja kwa jina wakiwa sokoni. Hakuna mahali hapa ambapo ungeupanda mpunga huo ukawa mbali na mpunga wa mtu.

Kampuni ikapanda North Carolina kwa muda, kisha ikapata makao Kansas, karibu na mji wa Junction City. Mwaka 2007 Idara ya Kilimo ya Marekani iliiruhusu kupanda hadi ekari 3,200 huko. Maoni ya wananchi yaliyopelekwa kabla ya uamuzi yalipita 20,000, karibu yote yakipinga, na ruhusa ikatolewa hivyohivyo. Lakini tazama jimbo lenyewe: Kansas ni ngano, mahindi na mtama. Hawalimi mpunga wa biashara. Hata waliokubali waliona kwamba mahali pa kuuweka ni pale ambapo hakuna jirani mwenye mpunga.

Watetezi wana jibu lao, na nusu ya jibu hilo ni kweli. Mpunga hujichavusha wenyewe. Ua likifunguka, chavua huishi dakika chache tu, haisafiri kama ya mahindi. Kwa hiyo, wanasema, hauwezi kuchafua shamba la jirani. Mimi siogopi chavua. Mimi naogopa punje, kwa sababu punje ndiyo inayopita mikononi mwangu.

Niwaeleze kinachotokea kwenye mashine. Mwezi wa sita na wa saba, msimu ukiwa umechanganya, foleni ya magunia inafika barabarani. Mkulima anamimina mpunga wake mdomoni mwa mashine, unapandishwa na mkanda wenye vikombe, unaingia kwenye rola za kutoa maganda, unapita kwenye chekecheke, unang'arishwa, unatoka mchele huku, chenga kule, pumba nyuma. Akimaliza, anafuata mwenzake. Sasa akiwa aliyetangulia ameleta mpunga wenye punje nyekundu, na anayefuata ana mpunga safi wa mbegu ya SARO wa kupeleka Dar, huwa namwambia kijana wangu aiache mashine izunguke tupu, apige vikombe kwa rungu la mpira, afungue kifuniko cha chini afagie, halafu apitishe kwanza debe moja la mpunga wangu mwenyewe wa kusafishia. Tunafanya yote hayo. Na bado mteja akiinamia gunia lake la kwanza ataziokota punje nyekundu, moja hapa, moja pale, na ataanza kunung'unika kuhusu bei. Mnunuzi wa mjini akiziona anapunguza shilingi kwa kila kilo. Hiyo ni punje yenye rangi, inayoonekana kwa macho. Punje yenye laktoferini ndani yake ukiitazama ni nyeupe kama zingine.

Na hiyo ni mashine tu. Hujagusa gunia lililotumika jana kwa mzigo mwingine, turubai la kuanikia, trekta ya kuvunia inayotoka shamba hili ikaingia lile, punje zilizopukutika zikalala kwenye tope na kuota zenyewe msimu unaofuata katikati ya mpunga uliopandwa. Hujagusa maji ya mfereji yanayotoka jaruba la juu kwenda la chini. Hujagusa mpunga mwitu unaotusumbua mabondeni. Wala hujamgusa mkulima mwenyewe, ambaye akiona mpunga wa jirani umebeba vizuri anaomba kilo mbili za mbegu jioni, bila karatasi wala shahidi. Mbegu nyingi zilizoenea Usangu zimeenea hivyo, na sioni aibu yoyote ndani yake. Kampuni ya Kansas ilikuwa na mashine zake yenyewe, zisizogusa nafaka nyingine. Hapa kwetu nani atanunua mashine ya kukoboa kwa ajili ya zao moja?

Kama kuna anayeona naongeza chumvi, amtazame Mmarekani mwenye maghala ya kisasa. Mwaka 2001 kampuni ya ProdiGene ilipanda mahindi ya majaribio yenye chanjo ya nguruwe. Msimu uliofuata shamba hilohilo likapandwa soya, mahindi ya mwaka uliopita yakajiotea ndani ya soya, yakavunwa pamoja nayo, yakafika ghalani Nebraska. Bosheli 500,000 za soya (bosheli ni kipimo cha nafaka cha Wamarekani) zikaharibiwa, na kampuni ikapigwa faini ya dola 250,000 mbali na gharama za kusafisha. Hapo hakuna chavua iliyopeperuka popote. Ni punje iliyobaki ardhini.

Halafu kuna la mwaka 2006, ambalo kila mkulima wa mpunga angepaswa kulijua. Bayer ilikuwa na mpunga uliopandikizwa kinasaba cha kuvumilia dawa ya magugu, ukiitwa LL601. Ulijaribiwa mashambani kati ya 1998 na 2001 na ukaachwa. Haukuwahi kuuzwa. Agosti 2006 serikali ya Marekani ikatangaza kwamba umekutwa ndani ya mchele mrefu wa kawaida wa sokoni, miaka mitano baada ya majaribio kufungwa. Japani ikafunga mlango kwa mchele mrefu wa Marekani, Ulaya ikadai kila mzigo upimwe, bei ikaporomoka. Uchunguzi wa serikali ulipokamilika mwaka 2007 haukuweza kusema kwa hakika mpunga ule uliingiaje. Mwaka 2011 Bayer ilikubali kuwalipa wakulima dola milioni 750.

Ndugu msomaji, hebu hapo pumzika kidogo. Wakulima wa Arkansas na Louisiana walikuwa na mawakili, walikuwa na rekodi za mauzo, walikuwa na mahakama iliyowasikiliza, na bado iliwachukua miaka mitano. Mkulima wa Ubaruku mauzo yake yako kichwani na kwenye daftari la mwenye mashine. Mchele wetu unavuka mpaka kwenda nchi jirani. Siku mnunuzi mmoja wa ng'ambo atakaposema "mchele wa Mbeya una vinasaba vya binadamu", hata kama ni punje moja katika gunia mia, hata kama haina madhara yoyote kwa mlaji, nani atamlipa mkulima huyo, na kwa ushahidi gani?

Sasa nije upande wa watoto, kwa sababu hapo ndipo barua ya mwenzangu ilipogusa watu, na dada yangu naye alinibana sana.

Protini hizi zinasaidia? Ushahidi uliopo unaelekea ndiyo, kwa kiasi. Lima, Peru, watoto 140 wenye umri wa miezi 5 hadi 33 waliolazwa kwa kuhara walipewa maji ya ORS. Wengine walipewa ya kawaida, wengine ya unga wa mchele, na wengine ya unga wa mchele yaliyoongezwa laktoferini na laisozaimu kutoka kwenye mpunga wa kampuni ile. Matokeo yalichapishwa mwaka 2007: waliopata protini kuhara kwao kulidumu siku 3.67 kwa wastani, wengine siku 5.21. Siku moja na nusu. Mtu asiyewahi kukesha na mtoto anayeharisha ataona ni jambo dogo. Malawi nako, kwa jirani zetu hapa, watoto zaidi ya 200 wa umri wa mwaka mmoja hadi chini ya miwili waliwekwa kwenye utafiti wa wiki 16, nusu wakipewa protini hizo kila siku. Hali ya utumbo wao ilikuwa afadhali na waliolazwa au kupata utapiamlo mkali walikuwa wachache zaidi kuliko wenzao, ingawa kimo hawakuwazidi.

Nilipomsomea dada yangu hayo alinyamaza, kisha akasema kitu ambacho nakiandika kama alivyokisema: "Kaka, hiyo siku na nusu ninaitaka. Lakini kwanza niletee zinki."

Anajua anachosema. Mtoto anayeharisha anatakiwa apewe ORS na vidonge vya zinki, miligramu 20 kwa siku, au 10 akiwa chini ya miezi sita, kwa siku 10 hadi 14. Ndiyo maelekezo ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF tangu 2004. Zinki nayo hupunguza muda wa kuhara, ni ya bei ndogo, inakaa kwenye kabati bila friji. Na kuna zahanati, siitaji, ambako alifanya kazi na kabati hilo likakaa tupu wakati wa masika, wakati hasa wa kuhara, akawa anawaandikia akina mama wakanunue dukani. Wengine walikwenda kununua, wengine walirudi nyumbani na mtoto. Kabla hatujaambiwa tugeuze bonde ili kupata dawa mpya, hii ya zamani iwepo kwanza.

Na mtoto wa chini ya miezi sita anayenyonya bila kupewa kitu kingine, laktoferini yake anaipata bure, usiku na mchana, ikiwa ya moto. Dada yangu hilo hulisema kwa sauti kubwa kwa sababu anaogopa matangazo. Anaiona siku ambapo kopo la maziwa litaandikwa "lina protini za maziwa ya mama" na mama mwenye maziwa ya kutosha ataliamini kopo. Nami naona hofu hiyo ni ya haki. Watoto wa Peru na wa Malawi wengi walikuwa wameshaanza kula au kuachishwa, na hao ndio wanaohitaji kufikiriwa.

Kuna jambo jingine kuhusu utafiti wa Peru. Mwaka 2006 kulizuka malalamiko huko kwamba wazazi hawakuelezwa sawasawa watoto wao wanapewa nini. Sitaki kuwahukumu watafiti, kuhara kunaua na watu wale walikuwa wanatafuta dawa. Nasema tu kwamba kampuni ilipokuwa inaomba ruhusa ya kupanda huko Marekani, watoto wa nchi maskini walitajwa kila mahali. Hao ndio walikuwa sababu. Leo kampuni hiyo inaitwa InVitria, na biashara yake ni kuuza protini za kukuzia seli maabara, kwa watengenezaji wa chanjo na dawa. Ni biashara halali na yenye manufaa. Lakini ORS ya laktoferini haiko kwenye kabati la dada yangu, wala la zahanati yoyote ninayoijua. Mtu akija tena na picha ya mtoto aliyekonda mkono mmoja na ombi la shamba mkono mwingine, naomba tumwombe aviweke mezani kimoja kimoja.

Mwenzangu atasema: basi unataka protini lakini hutaki ikuzwe, utaipata wapi? Njia zipo, na hazigusi sahani ya mtu. Waholanzi walianza na ng'ombe. Mwaka 1990 alizaliwa fahali aitwaye Herman, aliyepandikizwa kinasaba cha laktoferini ya binadamu ili mabinti zake waitoe kwenye maziwa. Chuo kilekile cha Davis kimefuga mbuzi wanaotoa laisozaimu ya binadamu. Wanyama nao wana maswali yao, lakini mbuzi humfungia zizini ukamhesabu asubuhi na jioni. Na siku hizi kuna makampuni yanayotengeneza laktoferini ya binadamu kwa hamira, ndani ya matangi ya chuma, kama pombe inavyochachushwa. Tangi likifungwa limefungwa. Hamira hiyo haina jirani wa kumharibia.

Gharama? Najua mpunga ulichaguliwa kwa sababu ni rahisi: jua la Mungu, maji, ardhi, na punje inahifadhi protini kwa miezi bila friji. Tangi linataka umeme na mafundi. Lakini unafuu huo unapatikana kwa kuihamisha gharama ya tahadhari kutoka kwa kampuni kwenda kwangu mimi mwenye mashine na kwa mkulima aliye kwenye foleni. Sisi ndio tutakaofagia, tutakaopima, tutakaopunguziwa bei. Hatujaulizwa kama tunakubali kuchangia.

Nchi yetu haikuwahi kufikia mpunga wa aina hii. Tulikuwa na jaribio la mahindi ya GMO pale Makutupora, Dodoma, lililoanza 2016 na serikali ikalisimamisha 2018. Kenya waliondoa marufuku yao ya GMO Oktoba 2022 na kesi zikawafuata mahakamani. Katika mabishano yote hayo watu wamekuwa wakigombana kana kwamba GMO ni kitu kimoja, ukubali chote au ukatae chote. Mimi sioni hivyo. Mahindi yanayostahimili ukame yanatengenezwa ili yaliwe. Yakichanganyika na mengine, umechanganya chakula na chakula, na mjadala wake ni mwingine. Mpunga huu ni kiwanda cha dawa kilichovaa ganda la chakula, na hata wenyewe hawataki uliwe kama wali. Kanuni zake haziwezi kuwa zilezile.

Kwa hiyo, ombi la namna hiyo likifika wizarani, mimi kama mwenye mashine nataka watafiti wetu wa TARI, Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, waulizwe maswali yanayohusu punje na si chavua peke yake. Zao liwe ambalo hatuli, au lipandwe mahali ambapo zao hilo halilimwi na mtu. Likobolewe, lisagwe na kuchujwa palepale lilipovunwa, gunia lisitoke nje ya uzio. Kuwe na kipimo cha bei nafuu ambacho mtu kama mimi anaweza kukitumia mashineni kabla ya kumimina mzigo wa mtu mdomoni mwa mashine. Wenye mashine na vyama vya wakulima wa bonde husika waitwe kwenye kikao kabla ya uamuzi, nakala za ombi ziwe za Kiswahili, siyo kurasa 200 za Kiingereza zinazobandikwa mlangoni mwa ofisi Ijumaa jioni. Na fedha za fidia ziwekwe benki kabla ya mbegu ya kwanza kuingia ardhini, kwa kiasi kinachotosha kulipa msimu mzima wa bonde zima, zikae hapo si chini ya miaka mitano baada ya mavuno ya mwisho, kwa sababu LL601 ilikaa kimya muda huohuo ndipo ikaonekana.

Mwenzangu akikubali hilo la fedha, mengine tutazungumza.

Mkoboaji mpunga,
Ubaruku, Mbarali, Mbeya